TAREHE SABA NGOMA, TAREHE NANE JEMBE

Katika shule moja ya sekondari hapa Uganda ni desturi kila asubuhi, wanafunzi wakiwa wamejipanga kwenye gwaride, mmoja wao asimame mbele awasomee wenzake mambo yaliyotukia tarehe kama ile katika miaka iliyopita. Asubuhi moja ya tarehe 7 Julai tulisimama nyuma ya safu tukamsikiliza msichana wa kidato cha pili akisoma kwa sauti safi isiyotetemeka. Mwaka 1937 majeshi ya Japani na ya China yalipigana karibu na Beijing. Mwaka 1954 chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam. Mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Mwaka 1990 kulitokea ghasia Nairobi. Mwaka 2005 mabomu yaliua watu 52 mjini London. Leo ni Siku ya Kiswahili Duniani. Ahsanteni. Wakapiga makofi, wakaimba, wakatawanyika. Kabla ya adhuhuri karatasi ile tuliiona kwenye kibanda cha shule, imefungiwa mandazi.

Hatumlaumu msichana yule. Alisoma alichopewa, tena alikisoma vizuri. Hatumlaumu hata mwuza mandazi, maana yeye angalau aliipatia karatasi ile kazi. Tunaowalaumu ni sisi wenyewe walimu wa Kiswahili, tulioiandika orodha ile kwa mikono yetu, tukaamini kwamba tumekwisha kutimiza wajibu wetu kwa siku kuu ya lugha yetu. Twasema wazi, hata kama baadhi ya wenzetu watachukia: namna tunavyoiadhimisha tarehe 7 Julai haimfundishi mtoto historia wala lugha. Humfundisha kuhesabu siku tu.

Itazameni orodha yenyewe. Vita, uhuru, mauaji na sikukuu vimeanikwa juu ya kamba moja, wala hapana kinachoviunganisha ila namba. Mwalimu wa lugha angepaswa kuyashtukia hata maneno yake. Chama "kiliundwa": na nani? Visiwa "vilipata" uhuru: kutoka mkononi mwa nani? "Kulitokea" ghasia: zilijitokeza zenyewe kama mvua? Kauli za namna hii ni njema mahali pake, lakini hapa zimewaficha watendaji nyuma ya pazia. Mtoto aliyesomewa orodha hiyo huondoka akidhani kwamba mambo ya dunia hutukia yenyewe, na kwamba kazi ya binadamu ni kuyakumbuka na kuyapigia makofi.

Tarehe ni msumari ukutani. Hakuna avaaye msumari. Kivaliwacho ni nguo iliyotundikwa juu yake. Jua lililochomoza tarehe 7 Julai halikuwa na neno lolote la kuwaambia watu kuliko lile la tarehe 6. Walioipa siku hiyo maana ni wanadamu: waliichagua, wakaigombania, na wengine wakailipia kwa damu. Ni hao, na kuchagua kwao, wanaostahili kufundishwa.

Tuanze na mwaka 1954. Wenzetu wengi huwaambia wanafunzi kwamba siku ile ndipo Kiswahili kilipozaliwa kuwa lugha ya ukombozi. Neno hilo lina utamu, lakini halina ukweli wa kutosha. Siku ile, iliyokuwa Jumatano, wajumbe 17 walikutana Dar es Salaam wakakigeuza Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, kiwe chama cha siasa kiitwacho TANU. Rais wao, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule, tena mwalimu aliyesomea ualimu hapa hapa kwetu, Makerere, katika miaka ya 1940. Lugha waliyoitumia kuwafikia wananchi hawakuiumba siku ile, waliikuta. Waliikuta katika njia za misafara na katika masoko. Waliikuta katika kumbukumbu za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyowakutanisha watu wa makabila mengi. Waliikuta katika jarida la Mambo Leo, lililokuwa likisomwa tangu 1923, na katika kazi ya kamati ya lugha iliyoanza 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Walichokifanya mwaka 1954 na baada yake ni kuamua kwamba lugha hiyo, ambayo serikali ya kikoloni iliitumia kutoa amri, sasa itumike kuikataa amri hiyo. Huo ndio uamuzi, na ndio unaopaswa kufundishwa.

Lakini lililo kubwa zaidi halikutendeka tarehe 7. Lilitendeka tarehe 8, na tarehe zote zilizofuata. Nyerere aliacha kazi ya ualimu mwaka 1955 akaenda kuhutubia watu mji kwa mji. Mwaka huo huo Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa kiongozi wa sehemu ya wanawake wa TANU, alivikusanya vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Na vikundi vile, ambavyo watu walividhania ni vya arusi na anasa, vikawa midomo ya chama. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, lakini kazi ya lugha haikukoma. Mwaka 1963 Nyerere, akiwa na mzigo wa nchi nzima kichwani, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mwaka 1964 kazi ya ile kamati ya lugha iliingizwa katika chuo kikuu, Dar es Salaam. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kutoka tarehe ile hadi kamusi ile ni miaka 27 ya jembe. Nasi twaadhimisha siku moja, tena nusu yake, maana hotuba zikikawia jua hutuchoma.

Sasa tuje kwa hizo zilizoitwa "ghasia" za Nairobi. Baada ya gwaride msichana yule alitufuata akauliza: "Mwalimu, ghasia zile zilikuwa za nini?" Tulimwahidi kumjibu katika kipindi cha Kiswahili. Kipindi hicho hakikuwapo. Kilikuwa kimechukuliwa kwa marudio ya hesabu. Basi tunamjibu hapa, kwa kuchelewa na kwa aibu.

Mwaka 1990 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kilichoruhusiwa na katiba. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, siku ya Jumamosi tarehe 7 Julai. Tarehe 4 wakakamatwa na kutiwa kizuizini. Watu wakaja hata hivyo. Polisi wakawatawanya kwa nguvu, maandamano na fujo zikaenea siku kadhaa katika miji mingine, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingine kikafutwa. Siku hiyo Wakenya waliipa jina la Kiswahili, Saba Saba, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba, kama vile Watanzania walivyokwisha kuiita siku yao ya 1954. Jina ni moja, tarehe ni moja, lugha ni moja: upande huu laitwa kwa kuzaliwa kwa chama, upande ule kwa kukataa kutawaliwa na chama kimoja. Mwalimu wa lugha angetafuta wapi somo bora kuliko hilo? Nasi tumelifuta kwa neno moja, ghasia, neno la yule aliyekuwa ameshika rungu.

Twajua kwa nini tulilifuta. Tuliogopa kuichafua sherehe. Shirika la UNESCO, katika mkutano wake mkuu wa Novemba 2021 mjini Paris, lilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, liliichagua kwa kuikumbuka ile ya 1954. Na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kutengewa siku ya namna hiyo. Heshima hiyo ni kubwa, nasi tuliipokea kwa machozi ya furaha. Lakini heshima haihitaji kulindwa kwa kunyamaza.

Na hapa kwetu Uganda, kunyamaza ndiko kulikotuponza zaidi kuliko popote. Katika sherehe moja ya 7 Julai, baada ya wanafunzi kughani mashairi yao wakiwa wamejifunga kanga, mzee mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake aliinuka, akatuambia kwa Kiswahili kizuri kisichotarajiwa: "Mwalimu, lugha hii mimi nilifundishwa na askari barabarani. Neno la kwanza lilikuwa 'lala chini.' Je, hilo nalo limo katika sherehe yenu?" Sisi tulijibu kwa maneno tuliyokuwa tumeyaandika tayari kwenye kitambaa kilichotundikwa ukutani, kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na upendo. Mzee aliketi. Hakupiga makofi mpaka sherehe ilipokwisha.

Alikuwa ametuuliza swali la historia, nasi tulimjibu kwa kaulimbiu. Jibu la kweli lilikuwapo, na ni refu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kitumike zaidi katika shule na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929. Hofu ya Baganda haikuwa ujinga: walichelea kwamba lugha hiyo ingekuwa kamba ya kuwafunga pamoja na Kenya ya walowezi, wapoteze ardhi na mamlaka yao. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lugha iliyotangazwa kwa amri ya askari ikabaki katika midomo ya askari, na shule hazikuipata. Ndiyo lugha aliyoisikia mzee wetu barabarani. Lakini tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliorudi kutoka uhamishoni, lugha iliyosikika barabara zile zile ilikuwa Kiswahili vilevile. Mikono miwili ilishika kisu kimoja: mmoja ulijeruhi, mmoja ulikata kamba.

Kama tungemwambia mzee hivyo, asingelazimika kutupenda, lakini angejua kwamba anazungumza na walimu. Na wale watoto waliokuwa wakimtazama babu yao akiketi kimya wangejifunza siku ile, kuhusu lugha na kuhusu nchi yao, zaidi ya walivyojifunza katika mashairi yote yaliyoghaniwa.

Tunazisikia hoja za wanaotupinga, nasi hatuzidharau. Wapo wasemao: "Historia ni kazi ya mwalimu wa historia, sisi tufundishe ngeli na insha." Twawauliza: hiyo insha itaandikwa juu ya nini? Lugha isiyobeba jambo ni kapu tupu, na mtoto wa Kampala au wa Gulu asiyeambiwa kwa nini ajifunze lugha ambayo haisemwi nyumbani kwao atajifunza ngeli kwa ajili ya mtihani, na siku ya pili baada ya mtihani atazisahau. Wapo wasemao: "Msiamshe uchungu uliolala, mtawafukuza wanafunzi." La hasha. Uchungu huo haujalala. Umo nyumbani mwao, husimuliwa jikoni na matangani. Kisichosimuliwa ni jibu letu. Mwanafunzi akimsikia babu yake akisema hivi na mwalimu wake akinyamaza, atamwamini babu yake, tena atakuwa na haki.

Wapo pia wasemao, na hao ndio wengi: "Sherehe huvutia watu. Acheni watoto wacheze." Tunakubali. Hatutaki ngoma inyamaze. Vile vikundi vya ngoma vya kina Bibi Titi vilicheza, tena vilicheza kweli kweli. Tofauti ni kwamba wao walipomaliza kucheza waliandikisha wanachama. Sisi tukimaliza kucheza huvua kanga.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili hapa Uganda kimekuwa mgeni wa sebuleni kwa muda mrefu mno. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022, katika juma lile lile la maadhimisho ya kwanza ya Siku ya Kiswahili Duniani, baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima, na kutahiniwa, katika shule za msingi na za sekondari. Mgeni amekaribishwa mara tatu, amevishwa shada mara tatu. Jembe lake liko wapi? Katika shule tunazozijua sisi, jembe hilo ni kipindi cha mwisho cha Ijumaa, wakati wanafunzi wanaota njia ya nyumbani. Ni kitabu kimoja kwa dawati la watoto wanne. Ni mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili, dini na michezo. Tarehe 7 mwalimu huyo huombwa aandae sherehe. Tarehe 8 huombwa akiazime kipindi chake kwa somo "muhimu" zaidi, naye hukubali. Ndiyo, ndugu zetu, hukubali. Tumekubali sisi wenyewe mara nyingi, na mara mojawapo ni ile ambayo msichana alikuwa akingojea kujibiwa swali lake.

Basi tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha wala waraka kutoka juu.

Kwanza, orodha ile ya tarehe iachwe. Asubuhi ya 7 Julai lisomwe tukio moja tu, na wanafunzi walitafutie majibu ya maswali matatu: kabla yake kulikuwa na nini? Ni nani walioamua, na kwa gharama gani? Kesho yake walifanya nini? Mwaka huu liwe la 1954, mwaka ujao la 1990, mwaka wa tatu lile la kwetu sisi. Mtoto atakayejibu maswali hayo kwa Kiswahili chake mwenyewe, hata kikiwa na makosa, amefanya mazoezi mema kuliko kughani shairi ambalo mwalimu alimtungia.

Pili, wazee waalikwe, wasialikwe kupiga makofi bali kusema. Wanafunzi wakae na madaftari yao, waandike jinsi kila mzee alivyokutana na lugha hii: sokoni, kambini, kwenye lori, msikitini, uhamishoni. Yatakayoandikwa yatakuwa kitabu cha kusoma darasani ambacho hakuna duka linalokiuza. Na yule mzee wetu, akitaka, awe wa kwanza.

Tatu, na hili ndilo tunalolishikilia kwa nguvu zote: tarehe 8 Julai, au siku yoyote ya shule itakayofuata sherehe, kipindi cha Kiswahili kisiazimwe. Mwalimu akiombwa, aseme hapana kwa adabu, na kwa Kiswahili. Huu ni ukinzani mdogo sana ukilinganishwa na wa watu waliokwenda Kamukunji huku viongozi wao wako kizuizini. Lakini asiyeweza kukilinda kipindi cha dakika arobaini asijisifu kwamba anailinda lugha.

Msichana yule sasa yumo kidato cha tatu. Tulipompelekea jibu la swali lake, alilisoma akiwa amesimama, kisha akauliza tena: "Mwalimu, hao watu zaidi ya ishirini, majina yao yako wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka, lakini safari hii hatukumpa kaulimbiu. Tulimwambia achukue daftari, tukaketi, tukaanza kutafuta.

Ngoma ya tarehe saba na ilie. Lakini kesho yake, kengele ya kipindi ikigongwa, tukutwe darasani, chaki mkononi.